Nani aliirudisha Zeppelin? Ujumbe wa redio ulioitaja Kitangari

Kitangari, wilayani Newala, iliwahi kutajwa kwa redio juu ya jangwa la Sudan. Ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 1917, karibu saa 7. Zeppelin (chombo kikubwa cha kuelea angani) ya Kijerumani iliyoitwa L59 ilikuwa yapata kilomita 200 magharibi ya Khartoum, ikielekea kusini. Ilibeba tani 15 hivi za risasi, bunduki, dawa na barua kwa ajili ya jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, lililokuwa limebanwa kwenye nyanda za juu za Makonde. Ndipo ujumbe ukaingia. Ulimwamuru nahodha, Ludwig Bockholt, aiache kazi na kurudi. Ulitaja na sababu: adui ameshika sehemu kubwa ya nyanda za juu za Makonde, Kitangari tayari iko mikononi mwake, na Wareno wanalishambulia jeshi lililosalia kutoka kusini. Bockholt akageuza chombo.

Tangu hapo zimekuwepo simulizi mbili. Ya kwanza inasema ujumbe ule ulitoka Berlin, kwa wakubwa wa Bockholt mwenyewe. Ya pili, ambayo ndiyo inayopendwa zaidi, inasema ulikuwa hila ya majasusi wa Uingereza, waliotumia msimbo wa jeshi la maji la Ujerumani kuirudisha Zeppelin bila kufyatua risasi hata moja. Simulizi hii ya pili ina utamu wake. Ina jasusi hodari, msimbo ulioibwa, na adui aliyedanganywa gizani.

Nimeishughulikia redio kwa muda mrefu kiasi cha kujua kwamba utamu huo hauna uzito wowote katika hesabu. Ishara yoyote ya redio isiyoeleweka, iwe ya mawimbi marefu ya mwaka 1917 au ya masafa mafupi ya leo, hupimwa kwa maswali yale yale. Nani alikuwa na uwezo wa kuituma? Nani aliweza kuisikia? Je, msikilizaji aliweza kujibu? Na yaliyosemwa yanalinganaje na hali iliyokuwepo ardhini? Swali hili la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote, na kwa kisa hiki majibu yake yako Newala na Masasi.

Jeshi lenye masikio bila mdomo

Tuanze na hali ya redio yenyewe. Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, Ujerumani ilikuwa na vituo vya simu ya upepo katika koloni lake la Afrika Mashariki, vikiwemo vya Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Mnara wa Dar es Salaam ulikuwa shabaha ya kwanza: tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Uingereza, HMS Astraea, ilifika mbele ya bandari na kupiga mizinga kuelekea kituo hicho. Kituo kikubwa cha Kamina huko Togo, kilichokuwa kiungo kati ya Ujerumani na makoloni yake ya Afrika, kililipuliwa na Wajerumani wenyewe mwezi huo huo kisije kikaangukia mikononi mwa adui. Windhoek ilitekwa mwaka 1915, na Mwanza mwaka 1916.

Kuanzia hapo jeshi la von Lettow-Vorbeck lilibaki na masikio tu. Mafundi wake waliweza kutandaza waya na kunasa baadhi ya matangazo ya Nauen, kituo kikubwa kilichokuwa magharibi ya Berlin, lakini hawakuwa na mtambo wa kutuma majibu yakafika huko. Berlin iliweza kusema bila kujua kama imesikika. Haikuwa na njia ya kuuliza: mko wapi leo? Mna maji? Mmebaki wangapi? Habari za vita vya Afrika Mashariki zilizofika Ujerumani zilipita kwa sehemu kubwa katika taarifa ambazo Waingereza wenyewe walizitangazia dunia.

Mpango wa Zeppelin ulizaliwa ndani ya ukimya huo. Aliyeupendekeza alikuwa daktari, Max Zupitza, aliyewahi kuhudumu makoloni. Chombo cha kwanza kilichotayarishwa, L57, kiliharibiwa na dhoruba Oktoba 1917. Badala yake ikarefushwa L59, ikawa na urefu wa mita 226 na ushei. Kituo cha kuondokea kilikuwa Jamboli, Bulgaria.

Safari ilikuwa ya kwenda bila kurudi. Zeppelin huelea kwa haidrojeni, na haidrojeni ya kuijaza upya haikuwepo popote kusini mwa Sahara. Kwa hiyo chombo chenyewe kilikuwa sehemu ya mzigo. Kikishatua kingevunjwavunjwa: turubai la nje lishonwe mahema na nguo, vitambaa vya ndani viwe bendeji, mabomba ya kiunzi yajengee mahema na minara ya redio. Watu 22 waliokuwemo, Zupitza akiwa mmojawao, wangeungana na jeshi la nchi kavu.

L59 iliondoka Jamboli asubuhi ya tarehe 21 Novemba, baada ya majaribio mawili yaliyoshindikana. Ilipita juu ya Uturuki na Krete, ikaingia Afrika karibu na Mersa Matruh nchini Misri, ikavuka jangwa kupitia oasisi ya Dakhla, kisha ikaifuata Nile. Karibu na Krete ilikumbana na dhoruba ya radi, ikabidi waya wa antena uvutwe ndani. Tarehe 22 mchana injini ya mbele iliharibika. Injini hiyo ndiyo iliyozungusha jenereta ya mtambo wa kurushia ujumbe wa redio. Tangu saa hiyo L59 nayo, kama jeshi iliyokuwa inalifuata, iliweza kusikia lakini haikuweza kusema.

Pande zote mbili, waliosafiri angani na waliosubiri ardhini, walikuwa wasikilizaji tu. Mzungumzaji alikuwa mmoja, Nauen. Katika mazingira kama hayo hofu ya hila ni halali kabisa, kwa kuwa msikilizaji asiyeweza kuuliza hawezi kuthibitisha. Waliobuni simulizi ya jasusi walijua palipo na ufa.

Nadharia ya hila

Jina linalotajwa sana katika simulizi hiyo ni la Kanali Richard Meinertzhagen, ofisa wa ujasusi wa Uingereza aliyeongoza kazi za upelelezi Afrika Mashariki katika miaka ya mwanzo ya vita. Inadaiwa kwamba Waingereza walijua habari za Zeppelin na wakatuma amri ya kurudi kwa msimbo wa Kijerumani. Katika toleo moja ujumbe huo wa uongo ulisema von Lettow-Vorbeck amekwisha kusalimu amri.

Nadharia hii ina msingi mmoja wa kweli, na haki inatudai tuutaje. Idara ya siri ya jeshi la maji la Uingereza mjini London, iliyojulikana kama Room 40, ilikuwa ikiisoma misimbo ya jeshi la maji la Ujerumani tangu mwaka 1914, baada ya Warusi kukamata vitabu vya misimbo kwenye manowari Magdeburg. Kwa hiyo ujuzi wa kughushi ujumbe ulikuwepo. Lakini kuwa na uwezo wa kufanya jambo ni mwanzo tu wa ushahidi. Njia ya mwongo ni fupi, na njia ya nadharia hii hukatika mahali panne.

Kwanza, Meinertzhagen. Mwishoni mwa mwaka 1917 hakuwa Afrika Mashariki. Alikuwa katika vita vya Palestina, chini ya Jenerali Allenby. Zaidi ya hayo, watafiti wa baadaye wamemkuta na udanganyifu mwingi. Mikusanyo yake ya ndege waliokaushwa ilibainika kuwa na vielelezo vya wizi na vyenye vibandiko vya uongo, na mwaka 2007 mwandishi Brian Garfield alichapisha kitabu kizima kuonyesha kwamba mengi ya matendo yake yaliyosifiwa yalitungwa au kutiwa chumvi. Shahidi wa namna hii hawezi kubeba kesi peke yake.

Pili, mtumaji. Ujumbe wa kurudi haukukosa mwenyewe. Mamlaka za Ujerumani ndizo zilizotoa amri hiyo, mara baada ya L59 kuondoka. Jamboli ilijaribu kuiita, ila mtambo wake haukuwa na nguvu ya kuifikia, ndipo kazi ikachukuliwa na Nauen. Kuchelewa kwa ujumbe kunaelezwa na umbali, dhoruba na antena iliyovutwa ndani. Na Bockholt alipotua Jamboli asubuhi ya tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 na kilomita zaidi ya 6,700, hakushtakiwa kwa kudanganywa na adui. Wakubwa wake waliitambua amri kuwa yao. Hila ambayo mdanganywa mwenyewe anakiri kwamba ni kauli yake haiwezi tena kuitwa hila.

Tatu, faida. Tuseme Waingereza waliijua safari, waliujua msimbo, na walikuwa tayari kughushi. Kwa nini wairudishe nyumbani? Zeppelin inayokuja kutua mahali ambapo jeshi lako limekwishapateka inakuletea zawadi: chombo kizima, shehena yote, na mateka 22. Jasusi makini angeielekeza ije, tena angeipa na mahali pa kutua.

Nne, na hapa ndipo ramani ya Newala inapohitajika, ujumbe ulisema kweli.

Kitangari ilivyokuwa

Yafuateni matukio kwa tarehe. Kati ya 15 na 18 Oktoba 1917 pande mbili zilipambana Mahiwa, karibu na Nyangao, katika mapigano makali kuliko yote ya vita vile katika ardhi yetu. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000, waliouawa na kujeruhiwa. Wajerumani walipoteza wachache zaidi, lakini wao hawakuwa na wa kuwabadilisha, wala risasi za kurudishia zilizotumika. Wakarudi nyuma kuelekea bonde la Lukuledi, wakaiacha Ndanda, wakapanda hadi Chiwata, kwenye misheni ya Kianglikana (UMCA) upande wa Masasi. Katikati ya Novemba waliiacha Chiwata pia. Huko Nambindinga, von Lettow-Vorbeck alifanya uamuzi mgumu: wagonjwa na majeruhi kwa mamia waachwe nyuma, waende walio na nguvu tu. Waingereza waliingia Nambindinga tarehe 18 Novemba. Kitangari ikafuata. Tarehe 21 Newala yenyewe ilikuwa imepotea, na safu ya Wajerumani ilikuwa ikiteremka kuelekea Ruvuma.

Tarehe 21 ndiyo ile ile L59 ilipong'oa nanga Jamboli. Zeppelin iliondoka Bulgaria siku ambayo mahali ilipokuwa inakwenda palikuwa pameshachukuliwa. Ujumbe wa Nauen haukuhitaji kutunga chochote kuhusu Kitangari.

Kwa nini Kitangari ndiyo iliyotajwa, wakati Newala ilikuwa na boma na inajulikana zaidi? Sidhani kama karani wa Berlin aliijua sababu. Yeye alinakili habari iliyomfikia. Lakini mtu wa Newala anaielewa bila kufundishwa. Nyanda za juu za Makonde zina udongo wa kichanga unaomeza mvua, na juu yake hakuna mito. Karl Weule, mwanazuoni wa Leipzig aliyekaa Newala mwaka 1906, alishangazwa na jinsi watu walivyojenga makazi mbali na maji, wakayafuata mabondeni. Maji yako chini, ukingoni mwa miteremko na katika bonde la Kitangari linaloingia ndani ya nyanda hizo. Hata mradi mkubwa wa maji wa Makonde uliojengwa baadaye ulikwenda kuyachota Mitema, katika bonde hilo hilo.

Wareno walilipata somo hilo mwaka mmoja kabla. Mwaka 1916 walivuka Ruvuma, wakaingia Newala Oktoba, wakakaa ndani ya boma wakidhani wameshika nchi. Novemba walizingirwa, na sehemu ya mapambano ilikuwa ni ya kugombea kijito walichotegemea kwa maji. Kabla ya Desemba walikuwa wamekimbia kurudi ng'ambo. Atakayesimama leo Shimo la Mungu, pale Newala, na kuangalia mteremko unaoshuka hadi bonde la Ruvuma, ataona mwenyewe kwamba juu kule hakuna jeshi linaloweza kukaa kama limekatiwa njia ya kwenda chini. Aliyeshika Kitangari alikuwa ameshika mitungi ya watu wote waliokuwa juu.

Kwa hiyo maneno yale machache yalibeba tathmini kamili ya kijeshi: hakuna tena mahali pa kutua, na hata pangekuwepo, jeshi la kuipokea shehena haliwezi kubaki hapo.

Sehemu moja ya ujumbe haikulingana na hali halisi, ile ya Wareno. Ulisema wanashambulia kutoka kusini. Mambo yalikuwa kinyume. Alfajiri ya tarehe 25 Novemba von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akaishambulia ngome ya Wareno ya Ngomano, inapokutana Ruvuma na Lugenda, si mbali na lilipo sasa Daraja la Umoja la Mtambaswala. Kamanda wao, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa. Kosa hilo nalo ni ushahidi. Linaonyesha mwandishi aliyekuwa mbali, anayeunganisha taarifa za jumla zilizomfikia, na ndivyo ungetarajia kutoka ofisi ya Berlin iliyokosa macho uwanjani.

Sasa tupige hesabu ambayo wapenzi wa simulizi ya jasusi hawaipigi. Kutoka pale L59 ilipogeukia hadi Newala ni kilomita 3,000 hivi. Mwendo wake wa wastani katika safari nzima ulikuwa kama kilomita 70 kwa saa. Ingehitaji saa 42 au zaidi kidogo, na mafuta ilikuwa nayo, kwa sababu ilitua Jamboli ikiwa na akiba ya saa nyingine 64. Kama Bockholt angekaidi, angefika juu ya Makonde jioni ya tarehe 24 Novemba. Angewakuta Waingereza Kitangari na Newala. Von Lettow-Vorbeck angekuwa ukingoni mwa Ruvuma, usiku wa mwisho kabla ya kuvuka, asiye na redio ya kumwita.

Na hata shehena haikuamua lolote. L59 ilikuwa na risasi zaidi ya 300,000. Ngomano, kwa asubuhi moja, Wajerumani waliokota takriban 250,000 pamoja na bunduki za Kireno. Waliendelea kupigana mwaka mzima tena, Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, hadi waliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Aliyeumizwa zaidi na ukosefu wa mawasiliano alikuwa mwingine kabisa. Kapteni Theodor Tafel alikuwa akitoka Mahenge na safu yake ili aungane na mkuu wake. Hakujua kwamba mkuu huyo ameshavuka mto. Mwishoni mwa Novemba, akiwa katika eneo la Newala, amezidiwa na njaa na bila mjumbe yeyote aliyemfikia, alisalimu amri. Maelfu ya watu wake walitoka vitani kwa sababu ya ujumbe ambao haukutumwa. Ukimya huo haujatungiwa simulizi ya kijasusi, ingawa ulilipunguza jeshi la Wajerumani kuliko ujumbe wa Nauen.

Masafa mafupi na kiu ya siri

Nimekaa kwa muda na kisa hiki kwa sababu namna ya kufikiri iliyozaa simulizi ya hila bado iko hai, na leo inafanya kazi katika masafa mafupi.

Mawimbi ya masafa mafupi, yaani kati ya megahezi 3 na 30, hupanda hadi tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, yakarudishwa chini mbali sana. Ndiyo maana redio ya betri iliyo kibandani Masasi huweza kunasa Beijing usiku. Na ndiyo maana majeshi na majasusi waliyapenda: hayahitaji waya wala setilaiti, na anayesikiliza hajulikani yuko wapi. Ukizungusha kitufe taratibu utakutana na milio isiyo na jina, sauti zinazosoma tarakimu, au miziki mifupi inayojirudia.

Baadhi ya milio hiyo tumeshaielewa. Kati ya mwaka 1976 na 1989 kulikuwa na mdundo wa haraka, kama mara 10 kwa sekunde, ulioharibu matangazo duniani kote. Watu walidai ni silaha ya kuvuruga akili. Ulikuwa rada ya Kisovyeti iliyoitwa Duga, mojawapo ya mitambo yake ikiwa karibu na Chernobyl, iliyotafuta makombora ya Marekani nyuma ya upeo wa macho. Sauti zinazosoma tarakimu nazo zimethibitishwa mahakamani: katika kesi ya majasusi wa Cuba iliyoamuliwa Miami mwaka 2001, ilielezwa jinsi walivyopokea maagizo kwa redio za kawaida, wakiyafumbua kwa msimbo. Kituo cha Urusi kwenye kilohezi 4625, chenye mlio wa kukoroma unaokatizwa mara chache na sauti ya mtu akisoma majina na namba, kinaelekea sana kuwa njia ya jeshi inayowekwa wazi muda wote ili amri ikitolewa isikike. Wapo wanaodai kwamba mlio huo ukinyamaza makombora ya nyuklia yatajirusha yenyewe. Umewahi kunyamaza zaidi ya mara moja, na dunia ipo.

Mara nyingi, basi, dhana kwamba kuna jeshi nyuma ya ishara huwa ya kweli. Lisemwalo lipo. Kinachopotea ni kipimo. Tukishasadiki kuwa kuna jeshi, tunalipa jeshi hilo uwezo wa miungu, na kazi yake halisi, ambayo huwa ya kuchosha, tunaiacha.

Afrika Mashariki tunalo funzo letu pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani iliweka Zanzibar, huko Tunguu, kituo cha kufuatilia vyombo vya angani vya mradi wa Mercury. Antena zake zilipokea mawasiliano ya wanaanga kama John Glenn, aliyeizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962. Visiwani wengi waliamini ni kituo cha makombora, na wanasiasa waliandamana kukipinga. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kilifungwa na mitambo ikaondolewa. Makombora hayakuwepo. Lakini wasiwasi wa watu haukuwa upumbavu: dola kubwa ilikuwa imejenga antena katika nchi yao, katikati ya Vita Baridi, na wenye nchi hawakuwa na njia ya kuhakiki. Walikuwa katika hali ya Bockholt: wanasikia, hawawezi kuuliza.

Eneo letu la kusini lilirudi katika redio za vita mwaka huo huo. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO, chama cha kupigania ukombozi wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, ilianza mapambano ya silaha huko Chai, jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Wapiganaji wake walikuwa na kambi ya mafunzo Nachingwea, na sauti yao ilirushwa kutoka Dar es Salaam kwa mitambo ya Radio Tanzania. Ilikuwa ishara ya kijeshi isiyojificha. Ilisema inatoka wapi, inamsemea nani na inataka nini. Wareno walikuwa na ndege, mizinga na polisi wa siri, lakini hawakuweza kuyazuia mawimbi yasivuke mto. Katika historia ya redio ya kusini mwetu, ishara iliyobadilisha mambo kuliko zote ilikuwa ile iliyotamka jina lake hewani, na wasikilizaji wake waliweza kuihakiki kwa macho yao, kijiji kwa kijiji.

Kinachofichwa na simulizi ya jasusi

Simulizi ya hila ya mwaka 1917 inanikera kwa sababu moja zaidi, na sababu hii haihusu mitambo. Inaifanya Makonde kuwa jina tu kwenye ramani ya watu wengine. Ndani yake kuna Mjerumani hodari angani na Mwingereza mjanja ofisini, na chini yao hakuna mtu.

Chini yao kulikuwa na watu. Walikuwepo Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ambao mashamba yao yaliliwa na majeshi matatu kwa zamu. Walikuwepo wapagazi waliobeba mizigo kutoka Lindi hadi Masasi na kupanda nayo Chiwata. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki wanakadiriwa kufikia 95,000 au zaidi, wengi wao kwa maradhi na njaa. Askari wa pande zote mbili walikuwa kwa wingi Waafrika. Kitangari ilitekwa kwa miguu na mabega yao. Ujumbe wa Nauen ulikuwa mwangwi wa kazi waliyoifanya, ukasafiri hadi Ulaya na kurudi hadi juu ya Sudan. Ukimpa jasusi sifa ya kuirudisha L59, umewanyang'anya wao sifa hiyo.

Ndiyo maana nasisitiza swali la mwisho kati ya yale manne. Uwezo wa mtumaji, masikio ya msikilizaji na nafasi ya kujibu vinaweza kuchunguzwa na fundi yeyote popote alipo. Hali ya ardhini inahitaji watu wanaoijua ardhi. Mwalimu wa historia Newala au Masasi anaweza kuwapa wanafunzi maneno ya ujumbe ule, tarehe zake na ramani ya wilaya, akawaacha wahukumu wenyewe: Kitangari ilikuwa mikononi mwa nani tarehe 21? Maji yako wapi? Chombo cha mita 226 kingetua wapi? Vijana hao watafika kwenye jibu sahihi kabla ya wengi walioandika juu ya Meinertzhagen, kwa sababu wanajua kitu ambacho hakimo katika kumbukumbu za Berlin wala London: jinsi ilivyo kazi kupandisha maji kutoka bondeni.

Na kesho watakapokutana na ishara nyingine isiyo na mwenyewe, iwe kwenye masafa mafupi au kwenye simu zao, watakuwa na desturi ya kuuliza inalinganaje na hali iliyopo ardhini kabla ya kuuliza ina siri gani. L59 ilirudishwa na Berlin, na Berlin ilirudishwa nyuma na ukweli wa Kitangari. Hayo ndiyo maelezo yanayosimama baada ya kupimwa, na yanastahili kufundishwa kwanza Kitangari kwenyewe.